Mzee Yule Alikula kwa Mkono Gani?

Vijana niliofanya nao kazi waliponiaga nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na daftari la kurasa mia mbili, wakaniambia, "Mzee Makame, tuandikie ya gari la sinema." Saa ilisimama wiki ya pili. Daftari bado zima, basi naanza. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hayo yamo kwenye majalada na hayamchekeshi mtu. Nitaandika tulivyofanya kazi, na nitaandika kosa langu moja ambalo sijapata kulisema hadharani.

Nilianza mwaka wa 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli ya sekondari, na ofisi ya serikali iliyopeleka sinema vijijini ilikuwa inatafuta mtu wa kusema kwenye kipaza sauti. Filamu zetu nyingi hazikuwa na sauti. Zilikuja kutoka nchi rafiki ndani ya makopo ya bati, kila moja na karatasi yake ya maelezo, na kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na mashine niwaeleze watu wanachokiona. Siku ya kwanza nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa lugha nisiyozijua hata herufi zake. Nikauliza nifanyeje. Nikajibiwa, "Wewe si umesoma?"

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi wa Kiembe Samaki, ambaye alikuwa ameendesha mashine za sinema mjini tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, hacheki, na kofia yake ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, haikumtoka kichwani ila kwa sababu za kazi, ambazo nitazieleza. Alinifundisha kusafisha kioo cha mashine kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, kusikiliza jenereta kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani, na juu ya yote, kuujua mkanda.

"Mkanda una pande mbili," aliniambia. "Upande mmoja ndio umebeba picha. Ukiukunja vibaya ukageuka, mashine haitakwambia kitu. Itaonyesha tu, lakini wa kulia atakuwa wa kushoto. Sasa utajuaje?"

"Nitatazama, mzee."

"Hutaona kitu. Utie mdomoni."

Nilidhani ananitania. Akaulowesha mdomo wake, akaugusisha mkanda, ukanata. Akaugeuza, haukunata. "Unaonata ndio wenye picha. Kila kigurudumu cha mkanda, kila siku, utie mdomoni. Usione haya. Wengine wanabusu vibaya zaidi ya hivi."

Pazia letu lilikuwa shuka kubwa la marekani, kitambaa cheupe, tulilonunua Mlandege. Kijijini tulilitundika baina ya miti miwili au nguzo mbili, mashine upande mmoja. Wanaume walikaa upande wa mashine. Wanawake, kwa kuwa hawakutaka kukaa pamoja na wanaume, walikaa nyuma ya shuka. Shuka lilikuwa jepesi, picha ilipenya, nao waliona kila kitu, ila kwa kinyume. Trekta likitoka kulia kwa wanaume, kwa wanawake lilitoka kushoto. Kwa miaka miwili hapana aliyelalamika, maana trekta ni trekta.

Vijana wa siku hizi mnadhani watu wa zamani walikaa kimya wakatazama. Nani kakwambieni? Kidichi tulionyesha filamu ya nchi yenye theluji, na mzee mmoja akainuka kwa hasira akataka kujua nani aliyeruhusu unga wote ule umwagwe barabarani na watu wana njaa. Nikamwambia si unga, ni maji. Tangu siku hiyo hakuniamini tena kwa lolote, hata nikimwamkia.

Tulikuwa na filamu ya michezo, na ndani yake kulikuwa na wasichana wanaoogelea na nguo zao fupi. Hapo ndipo kofia ya Mzee Feruzi ilipofanya kazi. Wakitokea tu, aliivua akaitia mbele ya kioo, giza likaingia. Wanaume walipiga kelele, "Toa kofia!" Wanawake nyuma ya shuka wakajibu, "Iache hapo hapo, mzee! Mungu akuweke!" Mzee Feruzi alihesabu kimoyomoyo mpaka hamsini, akavaa kofia yake, na tayari ilikuwa mbio za baiskeli.

Na ilikuwepo filamu ya ufugaji wa kisasa. Nikafungua mdomo kuieleza, nikaona nguruwe mia mbili. Nilikuwa na nukta moja tu ya kufikiri. Nikasema, "Hawa ni mbuzi wa nchi za baridi. Wamenyolewa." Watu wakatulia. Mwisho wa filamu mkulima mmoja alinifuata kwa adabu, akaniomba ofisi imwagizie dume na jike. Mzee Feruzi alinitazama mpaka tulipofika mjini.

Basi ikaja filamu ya dini. Ilitumwa kwetu kwa sababu ilionyesha watu wanaogombana kwa ajili ya ibada na baadaye wanapatana, na ofisi iliona inafaa sana vijijini. Ilikuwa ya vigurudumu viwili. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: mitaa miwili, mto katikati, nyumba moja ya ibada, na kila mtaa unasema nyumba ni yake. Dini gani, karatasi haikusema. Walivaa nguo ndefu, walikuwa na ndevu, na kila mtazamaji aliamua mwenyewe. Katikati yao kulikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe, mwalimu wao. Katika kigurudumu cha kwanza anakula na watu wa mtaa wake, halafu watu wanapigana kwa fimbo. Katika cha pili anavuka mto, anakaa na wale mahasimu, anakula nao sahani moja, na hapo ugomvi unakwisha.

Siku moja kabla ya safari Mzee Feruzi aliniambia nivikunje upya vigurudumu vyote viwili. Cha kwanza nilikikunja kwa utulivu na kukitia mdomoni. Cha pili nilikikunja mbio, kwa sababu rafiki zangu walikuwa wananingoja barazani kwenye mchezo wa dhumna. Sikukitia mdomoni. Hilo ndilo kosa langu.

Kijiji kilikuwa kusini. Sitakitaja jina, maana watu wake wanasoma. Baada ya sala ya isha shuka lilikuwa limeshatundikwa, wanaume mbele, wanawake nyuma. Kigurudumu cha kwanza kilikwenda vizuri. Mzee wa filamu alikula na watu wake, wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika: anakula kwa mkono wa kulia, ni mtu wa adabu. Sikujua kwamba nyuma ya shuka wanawake walikuwa wakifinyana, kwa sababu wao walimwona mwalimu wa dini akila kwa kushoto.

Nikaweka kigurudumu cha pili. Mzee akavuka mto, akakaa, akanyoosha mkono kwenye sahani ya mahasimu. Wanaume wote wakaona kushoto.

"Alaa!" sauti ikatoka mbele. "Kageuka!"

"Mnafiki huyo! Na wenzake alikula kwa kulia!"

"Anawadharau wenye sahani yao!"

Na wakati huo huo, nyuma ya shuka, vikapigwa vigelegele. Wanawake walikuwa wamemwona mtu wa mkono wa kushoto akinyoosha mkono wa kulia. Bibi mmoja alikuwa analia kwa sauti, "Katubu! Mola kamwongoa!"

Nilisimama na kipaza sauti mkononi. Ilinipasa kusema jambo. Nilichosema ni, "Kila mtu aone mwenyewe." Hayo ndiyo maelezo mabaya zaidi niliyopata kuyatoa, pamoja na ya mbuzi walionyolewa.

Filamu ikaisha, ugomvi ukaanza. Wanaume walisema ofisi imeleta filamu ya kuwasifu wanafiki. Wanawake walisema hawajaona filamu nzuri kama ile. Mchoma chokaa mmoja, jina lake Pandu, alikaa karibu kabisa na shuka, na mkewe, Bi. Miza, msukaji kamba za makumbi ya nazi, alikaa karibu kabisa kwa upande wa pili. Wakawa wanabishana, shuka baina yao, hawaonani.

"Miza, mie nna macho. Kala kwa kushoto."

"Kala kwa kulia, Pandu. Nimeuona mkono kama ninavyouona wangu."

"Wanitoa mwongo mbele za watu?"

"Sikukutoa mwongo. Nasema kala kwa kulia."

"Wallahi," akasema Pandu, na sauti yake ikapanda mpaka nikasahau kuizima mashine, "wallahi, kama mzee yule hakula kwa kushoto, talaka yako ya tatu imekufika!"

 Ilisikika jenereta peke yake. Kila mtu pale alijua hesabu ya nyumba ile. Pandu alikuwa ameshamwacha mkewe mara mbili na kumrejea mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya chumvi, ya pili kwa sababu ya jogoo. Ikipita ya tatu hapana kurejea tena, mpaka mwanamke aolewe na mwingine naye amwache. Na walikuwa na watoto watano.

Mwalimu wa chuo cha Kurani, Maalim Ameir, mtu mpole wa sauti ndogo, akasimama. "Pandu, nenda kalale tanurini kwako. Bi. Miza, nenda kwa kaka yako. Mpaka tujue mkono ulikuwa upi."

Nilipofika mjini nilikifungua kigurudumu cha pili nikakitia mdomoni. Kilinata upande usiopasa kunata. Nikakaa chini sakafuni. Mzee wa filamu alikuwa amekula kwa kulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Bi. Miza ndiye aliyesema kweli. Kiapo cha Pandu kilikuwa kimeharibika, na mimi ndiye niliyekiharibu, kwa sababu ya dhumna. Sikumwambia mtu.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Maalim Ameir, kwa khati nzuri sana. Alituomba tuje tena na filamu ile, tuonyeshe kile kipande cha mwisho, wanaume na wanawake wote wakae upande mmoja, ili jambo la ndoa lipate kukatwa kwa ushahidi.

Tulikwenda asubuhi. Chumba cha skuli kilikuwa kimezibwa madirisha kwa mikeka na mablanketi, na nje walisimama watu zaidi ya waliokuwemo ndani. Kaka yake Bi. Miza alinieleza hali ilivyo. Pandu alikuwa analala tanurini, lakini kila asubuhi baada ya alfajiri alikuja kusimama nyuma ya ukuta wa shemeji yake.

"Miza! Jembe langu liko wapi?"

"Liko begani kwako, Pandu."

"Aa. Nlidhani nimelisahau." Na anabaki pale pale, mpaka watoto watoke kumsalimia.

Nilikwenda kwenye mashine. Nikakishika kigurudumu cha pili, nilichokuwa nimeshakikunja sawasawa. Nikikitia hivi, mkono utakuwa wa kulia, na ndoa imekwisha mbele ya kijiji kizima. Nikisimama nikiri, kosa litakwenda ofisini, na kazi yangu itakuwa imekwenda nalo. Na nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba hata nikikiri ndoa itakuwa imekwisha vile vile, maana kiapo ni kiapo. Nikakikunja tena kinyume.

Mzee Feruzi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umekitia mdomoni?" akaniuliza.

"Naam, mzee."

"Na umekiweka sawa?"

"Naam."

Akautazama mkanda. Mtu aliyefanya kazi ile miaka thelathini hahitaji mdomo. Akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaenda kukaa kwenye dawati la mbele kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikawasha. Mzee wa filamu akavuka mto. Akakaa. Akanyoosha mkono.

"Kushoto!" chumba kizima kikapiga kelele, na Pandu aliruka mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia ndani ya sahani ya mahasimu. Alikuwa analia na kucheka. "Kushoto! Si niliwaambia? Miza, umeona? Bado ni mke wangu!"

Maalim Ameir alingoja watulie. Akasema, kwa sauti yake ndogo, kwamba mambo sasa yamekuwa wazi: siku ile wanawake walikaa nyuma ya shuka, na aliye nyuma ya shuka huona kinyume. Kiapo hakina kasoro, ndoa ipo. Kila mtu akaona maelezo hayo yametosha. Yalikuwa ya akili kabisa. Ni mimi tu na Mzee Feruzi tuliojua kuwa kile kipande kimoja wanawake ndio waliokiona sawa.

 Bi. Miza alijifunga buibui lake, akawapanga watoto wake watano, akarudi nyumbani kwake nyuma ya mume wake, na nikapanda gari nikijiona nimefanya jambo kubwa. Nilianza hata kupiga mluzi. Tulipopita Kitogani Mzee Feruzi akasema, "Kuuweka mkanda nimekufundisha mimi. Kuugeuza makusudi umejifunza peke yako." Hakulitaja tena mpaka alipostaafu.

Nilidhani limekwisha. Lakini kila tulipokwenda kusini nilisikia habari. Mwanamke akibishana na mumewe juu ya lolote, bei ya dagaa au mwandamo wa mwezi, aliambiwa, "Wewe ulikaa nyuma ya shuka." Bi. Miza aliyabeba zaidi ya wote. Walimpa jina, wakamwita Bi. Kinyume. Akisema mbuzi wameingia konde ya mashariki, wanaume walikwenda kwanza magharibi. Siku moja aliwaambia tanuri la chokaa limepasuka ubavu wa bahari. Wakamwuliza, "Bahari ya mbele ya shuka au ya nyuma?" Tanuri likaanguka ubavu wa bahari. Hapana aliyeumia, ila chokaa ya mwezi mzima iliteketea, na Pandu na wenzake waliokota mawe siku tisa. Nilisimuliwa kisa hicho kama kichekesho. Nilicheka, kwa sababu msimulizi alikuwa anangoja nicheke.

Kila safari nilijiambia leo nitasema. Kila safari nikaona sababu ya kungoja. Filamu yenyewe ilikuwa imesharudishwa ilikotoka. Miaka ikapita mitano, sita.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu walianza kuzungumza habari za televisheni, na gari letu lilikuwa linapumua kwa shida kuliko dereva wake. Safari moja, nikijua huenda ni ya mwisho, niliteremka kijijini mchana, kabla ya kutundika shuka, nikamtafuta Bi. Miza. Pandu alikuwa ameshafariki, miezi minane nyuma, nyumbani kwake, wakati mkewe anamnywesha uji. Nilimkuta Bi. Miza amekaa chini ukumbini anasokota kamba, ncha moja ameibana kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo, Bi. Miza."

"Marahaba, Bwana Sinema. Karibu mkeka."

Nikampa pole ya msiba. Kisha nikasema yote, bila ya kituo: dhumna, mkanda, mdomo, skuli, na jinsi nilivyougeuza mara ya pili kwa makusudi. Nikamwambia kweli ilikuwa yake, na kwamba miaka yote ile anaitwa Kinyume kwa sababu yangu. Nikamwomba radhi.

Hakuiacha kamba. "Nlijua," akasema.

"Ulijua vipi, bibi?"

"Mtu mzima habadili mkono katikati ya filamu. Kwanza sie tulimwona wa kushoto, kisha wa kulia. Wao walimwona wa kulia, kisha wa kushoto. Nikakaa nikasokota kamba pima tatu, nikafahamu kuwa kipande kimoja mlikigeuza. Na mwalimu wa dini, mzee wa ndevu vile, anakula kwa kulia. Basi kilichogeuka ni cha pili."

 Sote tuliokuwa pale, pamoja na mimi mwenye sekondari yangu, hakuna aliyelifikiri hilo.

"Nlimwendea Maalim Ameir peke yangu, siku ile ile ya skuli," akaendelea. "Nkamwambia, ndoa yangu ina kasoro, kiapo kilikuwa cha uongo. Kanambia, mumeo aliapa kwa alichokiona kwa macho yake, hakukusudia uongo, kiapo hicho hakikuachi. Ningejua mapema kuwa mkanda umegeuka, anasema, nisingeisumbua landrova ya sinema."

Nilimwuliza tena, kwa kuwa nilidhani sikusikia vizuri. Akanirudilia neno kwa neno. Kwa hiyo ningelikiri asubuhi ile skuli, mbele ya watu wote, ndoa ingelibaki kama ilivyobaki, na Bi. Miza angelirudi nyumbani na jina lake. Nilichokiokoa ni kazi yangu tu.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamwuliza. "Walikucheka miaka sita."

"Ningesema, wewe ungefukuzwa, na Pandu angejiona mjinga. Pandu akijiona mjinga hali wala halali, na mie ndiye niliyekuwa nakaa naye. Jina lilikuwa tabu, sisemi halikuwa tabu. La tanuri liliniuma kweli." Akaivuta kamba, akaitazama kama iko sawa. "Radhi nimekupa. Ila nawe leo, ukishatundika shuka lako, utasema kwenye hicho kipaza sauti chako kama ulivyonambia mie."

Nilimwahidi, na jioni ile nilisema.  Nyuma ya shuka vikapigwa vigelegele virefu kuliko vyote nilivyopata kuvisikia. Ofisini sikusema, na hilo nalo nawakirieni leo.

Lakini hayo ya jioni. Mchana ule, nilipokuwa nainuka mkekani, aliniita.

"Bwana Sinema."

"Naam, bibi."

"Nambie kweli. Yule mzee alikula kwa kulia tangu mwanzo mpaka mwisho?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Hata mara moja hakula kwa kushoto? Hakutubu?"

"Hakuwa na la kutubia, Bi. Miza. Alikuwa mtu mwema tangu mwanzo."

Akasikitika, nikamwona waziwazi, kuliko alivyosikitika kwa lolote nililomwambia mchana ule.

"Basi filamu yenu haina kitu," akasema. "Ile tuliyoiona sie ilikuwa nzuri zaidi."